Waliolala Nyumbani

Mtaa wa chini walimwita Filimbi, kwa sababu filimbi yake ya ulinzi haikutoka shingoni hata akienda chooni. Usiku alilinda geti la kijani mtaa wa juu, mchana alilala, ila tangu mkewe afe hata huo usingizi wa mchana ulikuwa wa kuibia. Mama wa watu aliteleza kwenye mbao mbili zinazoitwa daraja, mtaro ukambeba. Diwani wao alikuwa mmoja kwa mitaa yote miwili, anakaa juu, na kila akiulizwa daraja alisema liko kwenye mpango.

Basi iliposikika kwamba mipaka ya kata inachorwa upya, na mtaa ukifikisha watu elfu sita unapewa diwani wake, mzee akapata wazimu. Alizunguka nyumba kwa nyumba, macho mekundu, akiwahimiza watu siku ya hesabu wawepo. Fundi viatu akamtania kwamba yeye atamwandikisha mpaka paka wake. Filimbi hakucheka. Alimwambia wakikuta uongo mmoja tu, watatufuta wote. Walinzi wenzake akawabana mmoja mmoja: semeni kweli.

Makarani wakaja asubuhi na swali lao moja: nani kalala hapa usiku wa kuamkia leo?

Sasa huo ni mtaa wa walinzi. Karibu kila nyumba ina mmoja. Filimbi ndiyo kwanza alikuwa anavua buti. Bintiye, mshona nguo, alijibu haraka kwamba wako wanne, na chini ya meza akamkanyaga baba yake mguu.

"Watatu," mzee akasema. "Mimi nimekesha getini."

Na wenzake wote, kwa kumsikiliza yeye, wakajibu vilevile.

Matokeo yalibandikwa ukutani kwenye ofisi ya halmashauri. Chini, elfu tano mia nane na tisini. Wanabaki walipokuwa. Juu walikuwa wamezidi, wakaongezewa diwani wa pili. Filimbi alisoma mara tatu, kisha akamwendea karani, akamuuliza kwa upole ile nyumba ya geti la kijani iliandikwa watu wangapi. Karani akapekua.

"Watano. Baba, mama, watoto wawili na mlinzi."

"Huyo mlinzi ni mimi."

"Sasa shida iko wapi, mzee wangu? Si umehesabiwa?"

Mzee akauliza kama inarekebishika. Akaambiwa hesabu nyingine ni baada ya miaka kumi.

Nje walinzi walikuwa wamejaa barazani. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomkata maini. Fundi viatu, mdomo wote ule, alikuwa anaangalia chini.

Nyumbani alikaa mbele ya cherehani ya bintiye, mpaka binti akasimamisha gurudumu.

"Ulinikanyaga mguu," mzee akasema.

"Nilikukanyaga, baba."

"Ungekanyaga kwa nguvu."

Binti akainamia nguo aliyokuwa anashona ili baba yake asimwone uso.

Jua lilipopoa, mzee akavaa sare. Binti akamuuliza kama na leo anaenda.

"Nisiende? Kule ndiko nilikoandikwa."

Binti akamfuata hadi mtaroni, akasimama ukingoni mpaka baba yake alipomaliza kuvuka zile mbao.