Chumvi ya Felisian

Shemeji yangu Felisian simsamehe, na wanaoniambia ni mwanamume mpole waniache. Upole hautibu.

Dada yangu Hyasinta alikuwa na uvimbe chini ya ubongo, kwenye kitezi kinachoongoza ukuaji wa mwili. Mikono ilimpanuka hadi pete ya ndoa ikakatwa kwa msumeno. Macho nayo yakaanza kutoona vitu vya pembeni. Daktari mgeni aliyekuja Mwanza alimpasua, akasema uvimbe wa namna hii mwingine hutulia, mwingine hutafuna mpaka mfupa, na kwa kuutazama tu hutaujua. Kipande kipelekwe maabara Nairobi. Huko wana rangi inayoshika chembe zinazozaliana upesi. Zikionekana nyingi, Hyasinta apigwe mionzi mapema, macho yapone. Bila jibu hilo, foleni ya mionzi haimjui.

Daktari akamkabidhi Felisian kipande hicho ndani ya kichupa cha maji ya dawa ya kukihifadhi, akamhimiza kwa Kiingereza, akaenda zake. Kiingereza cha Felisian kinaishia kwenye salamu.

Basi lilimshusha Musoma jioni. La Nairobi lilikuwa kesho yake. Alipofungua begi nyumbani kwake, mtaa wa Iringo, harufu ya yale maji ikamchoma pua. Felisian anauza samaki soko la Mwigobero, na kwake kinachonuka kimeharibika. Akamwaga maji, akakiosha kipande, akakitia chumvi, akakifunga vizuri kwenye nailoni. Nairobi wakakitupa. Kilikuwa kimekauka, hakisomeki.

"Shemeji, mi nilikuwaga najua inaoza," aliniambia aliporudi. "Samaki ukimtia chumvi haozi."

Nikamjibu mke wake si sangara. Angekuwa sangara ingekuwa nafuu. Biashara huria ilikuwa imeshafunguliwa, viwanda vya samaki vimejaa kando ya ziwa, na minofu ilipita Bunda ndani ya magari ya barafu ikiwahi ndege za Ulaya. Hao walitunzwa. Nyama ya dada yangu ilisafiri mapajani mwa mtu ambaye hakuna aliyejisumbua kumweleza yale maji ni ya nini. Yule daktari naye simsamehe.

Mama akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia haya yalimwagwa.

Hospitali wakatuambia tusubiri, uvimbe wenyewe utatuonyesha.

Mwaka uliofuata tulikuwa kwa mama, Butiama, tunamenya mihogo uani. Felisian alikaa kushoto kwa mke wake, kimya, akimsogezea mihogo karibu. Hyasinta akainua uso, akatazama mbele.

"Gati," akaniuliza, "Felisian ameenda wapi?"

Nilimtazama shemeji. Matusi niliyomwekea mwaka mzima yalikuwa mdomoni. Yeye aliweka kisu chini taratibu, akanyata, akazunguka mpaka mbele yake, akachuchumaa pale anapoonekana.

"Nilitoka mara moja," akamwambia. "Nimerudi."

Hyasinta akacheka, akamwambia asiwe anaondoka bila kuaga. Felisian akaahidi. Mimi nikaendelea kumenya, nikimchukia.