Mshale Ulioishia Kwenye Sahani

Kabla ya mchoro, watu walikula. Hilo lieleweke kwanza, maana siku hizi inasemwa kwamba wanafunzi wa bweni letu walikuwa wagumu tangu mwanzo. Uongo mtupu. Mtambo wa gesi ulichimbwa nyuma ya jiko, uchafu wa vyoo vyote na mabaki ya chakula vikaelekezwa humo, vikaoza, gesi yake ikaja kwa bomba mpaka chini ya sufuria zetu, na wao bado walipanga foleni wakigombania ukoko.

Nasi tulishukuru. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ndiye mpishi mkuu wa chuo; mimi namenya, nakata, naosha na kumchokoza. Kuni zilitutoa machozi kuliko misiba yote tuliyokwenda. Sasa moto ulikuwa wa bluu, mkimya, na sufuria hazina sizi.

"Wifi, siku hizi hunuki moshi," nikamwambia. "Kaka yangu atakupita njiani adhani ni mke wa mtu."

"Apite tu. Nami nipumzike."

Aliyetumaliza ni mhandisi wa mtambo, kijana mstaarabu asiye na baya na mtu. Alisema wageni watakuja kuona bweni lisilokata miti, kwa hiyo lazima waelewe. Akaleta mchoraji kwenye ukuta wa bwalo, ule unaotazamana na meza. Mchoraji mwenyewe alikuwa fundi kweli, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Alichora mwanafunzi ameketi chooni, anatabasamu. Mshale ukatoka pale ukaingia shimoni, ukatoka shimoni ukaingia kwenye moto, ukapanda sufuriani, ukaishia kwenye sahani ya wali unaofuka mvuke. Mshale wa mwisho ukarudi mdomoni kwa yule yule wa chooni.

Wahenga walisema ukila na kipofu usimshike mkono. Mhandisi aliushika kwa rangi ya mafuta.

Mchana ule kijana mmoja anayesomea sheria, tunamwita Wakili, alisimama na kijiko hewani.

"Mama, huu mchele umetoka wapi?"

"Sokoni, mwanangu," wifi akajibu.

"Ukapitia wapi?"

Bwalo zima likacheka. Nami nikacheka, utani mzuri hauulizi utamwumiza nani. Kesho yake kicheko kikaisha, na walaji wakaisha nacho.

Wifi hakukaa kimya. Alimshika Wakili mkono akampeleka mpaka jikoni. "Nusa."

Akanusa. "Hainuki, mama."

"Basi kula."

"Nitakula kesho."

Hiyo kesho yake mpaka leo hatujaiona.

Mlezi wa bweni akaja, akahesabu viti vitupu kwa macho, akasema bwalo likibaki hivi mpaka mwisho wa muhula, jiko litafungwa. Wifi akaomba ukuta upakwe chokaa. Haiwezekani, wageni wanakuja. Akaomba basi apunguze kupika. Haiwezekani, wageni wakute sufuria zimejaa.

Basi akapika. Kisicholiwa kinakwenda shimoni, ndiyo kanuni. Shimo likashiba, moto ukapanda. Mhandisi akaja anarukaruka.

"Mama, gesi haijawahi kuwa nyingi namna hii!"

"Kwa sababu hakuna anayekula, mwanangu."

"Lakini gesi, mama! Tazama moto huo!"

Ndivyo wifi alivyogeuka mpishi wa shimo. Mlaji mwema lile shimo, halikuwahi kusema chumvi imezidi.

Wageni wakaja. Wakaupiga moto picha, wakausifu ukuta, wakampa wifi mkono. Alipowakaribisha mezani, wote walikuwa wameshakula. Hata yule aliyekuwa anatafuna kucha.

Ikabaki turufu moja. Binti wa wifi anasoma chuo hiki hiki, anasomea mambo ya viumbe, na analala ghorofa ya juu ya bweni hili hili.

"Wakimwona mwanangu anakula, wataona haya," wifi akasema, akaosha mchele kama anaandaa posa.

Binti akaja mchana, kukiwa na watu wanaotafuna mikate yao ya dukani. Akaketi, mgongo kwenye ukuta ule. Mama yake akampakulia. Mlezi wa bweni alikuwa mlangoni. Binti akachota, akatia mdomoni, akatafuna. Akatafuna. Tukamngoja ameze, bwalo zima, na machozi yakaanza kumlenga. Mwishowe akajifunika mdomo kwa kiganja, akatema, punje zikamwagika mezani.

"Mama, kichwa kinaelewa," akasema alipoweza kusema. "Nimelisoma hili, nimelijibia mtihani. Koo ndilo halielewi." Akanigeukia. "Shangazi, mwambie."

Nikamsogezea kikombe cha maji.

Wifi akaifuta meza punje kwa punje. "Usilie. Nenda kanunue mkate."

Mlezi wa bweni akatikisa kichwa polepole, akaondoka. Tukajua jiko letu halifiki muhula ujao.

Sahani ikamwagwa kwenye ndoo, sufuria nayo ikafuata, na ndoo nikaibeba mimi mpaka nyuma. Nilipomimina, shimo likatoa sauti kama mtu aliyekula akashiba. Dirishani nikamsikia wifi, peke yake, akiiambia sufuria tupu kwamba moto leo ni mzuri.