Kipimo cha Mama Mkwe

Kazi ya Elkanah ilikuwa kupima. Alipima mashamba ya miwa ya ndugu wasiosikizana, alipima viwanja vya makanisa, na ukimwonyesha ukuta tu angekutajia urefu wake asikosee zaidi ya inchi mbili. Lakini siku ile, katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kakamega, alikokwenda kununua hodhi la kuogea, aliulizwa kipimo kimoja kikamshinda.

"Bafu lenyewe lina ukubwa gani?" Dorothy, mwenye duka, alianza.

Hilo alilijua kwa kichwa. Futi tano kwa sita, mlango wa inchi ishirini na nane unaofungukia ndani, bomba la maji moto upande wa kushoto. Lilikuwa bafu la chumba cha uani, nyuma ya nyumba yake huko Shieywe.

"Basi yale marefu sahau. Utaliingiza, alafu mlango usifunguke tena. Angalia haya mawili, la futi nne na la futi nne na nusu. Ukingo uko chini, mguu unapita." Dorothy akayagonga kwa kucha. "Sasa huyo wa kuoga ako na urefu gani?"

Elkanah akajifanya anasoma bei.

"Mtu mfupi akiingia kwa hodhi refu miguu haifiki mwisho. Anateleza, anazama. Lazima akanyage pale mbele ndiyo ajishikilie. Mpime akiwa ameketi, kutoka makalio mpaka kisigino. Ni bibi yako?"

"Ni mama mkwe."

Dorothy alicheka hadi akashika kaunta. "Woi! Pole, baba. Hiyo sasa utajua mwenyewe."

Kwa asiyejua mambo ya huku, mkwe haangaliwi usoni. Katika miaka kumi na moja ya ndoa, Elkanah alikuwa amemwona mama mkwe wake, Mama Roda, kwa pembeni tu: pindo la gauni, kiatu, mgongo ukiingia jikoni. Mama akija kwa mlango wa mbele, yeye alitoka kwa wa nyuma, na salamu zilibebwa na Milcah, mkewe. Si kwamba walichukiana. Waliheshimiana mno, basi, na heshima hiyo ndiyo iliyomtoa jasho dukani.

Miezi miwili nyuma Mama Roda alikuwa ameanguka shambani kwake Musanda, goti likavunjika. Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa umekakamaa. Daktari alisema akae mjini karibu na kliniki, na kila siku aketi kwenye maji ya moto akilikunja goti humo humo majini, la sivyo hatatembea tena bila kushikwa mkono. Kulala katika nyumba ya mkwe alikataa katakata, na kuogea humo ndiyo usiseme. Chumba cha uani, chenye mlango wake na bafu lake, alikikubali baada ya siku tatu za kubembelezwa. Elkanah alifurahi kama mtoto. Mwanamke huyu ndiye aliyemlea Milcah peke yake, kwa kulima mashamba ya watu, na yeye Elkanah hajawahi kumfanyia jambo lolote la maana. Alimpenda kwa mbali, na alikuwa amechoka kumpenda kwa mbali.

Nyumbani alimweleza Milcah, lakini alipofika kwenye kile kipimo alisema tu kinaishia kisigino.

"Kutoka wapi?" Milcah aliuliza.

"Pale mtu anapokalia."

"Sema makalio, Elkanah. Hakuna anayekusikia."

Wakakubaliana Mama asiambiwe kwanza, maana akisikia kuna kitu kinanunuliwa kwa ajili yake angekataa. Mchana huo, Mama akiwa amesinzia kitandani, Milcah aliingia na utepe wa kupimia wa mumewe. Elkanah alibaki nje, akijifanya anapunguza majani ya ua.

Ndipo akasikia sauti ya mama, tulivu kabisa.

"Milcah. Unanipima?"

"Mama, ngoja nikuambie."

"Mtu akipimwa amelala, kuna fundi wa jeneza anangojanga mahali. Mimi si mtoto. Daktari aliwaambia nini?"

"Hakuna kitu alisema! Ni ya kuoga, Mama. Tunataka kukununulia hodhi."

"Nani anapimiwanga karai?" Kitanda kililia, mkoba ukaburutwa sakafuni. "Kama siku zangu zimeisha, nifie kwangu Musanda. Siwezi kufia kwa mkwe. Nitafutie gari."

Milcah alianza kulia, na kilio chake kikaharibu mambo zaidi, kwa sababu mama alikiona kuwa ndicho jibu lenyewe. Elkanah aliuacha mkasi kwenye majani. Mama akienda, alijua, goti lile litakauka vilevile lilivyo, na wao wataishi wakijua ni utepe wao uliomfukuza. Alikwenda hadi mlangoni, akageuza mgongo, akautazama ukuta wa jirani.

"Mama," alisema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia uso kwa kisogo, bila mjumbe. Ndani mkoba ukaacha kuburutwa.

"Mama, nisamehe. Fundi wa jeneza anapima mtu mzima, kichwa mpaka miguu. Sisi hatutaki kichwa." Masikio yalimwaka. "Sisi tunataka kutoka makalio mpaka kisigino peke yake. Ndiyo usizame."

Elkanah aliomba ardhi ipasuke immeze, yeye na taaluma yake yote.

Kisha mtu akacheka. Kicheko kilianza kidogo, kama kikohozi, halafu kikaachiliwa chote, hata Milcah akakidaka katikati ya machozi.

"Milcah, muulize huyu mtu," mama alisema, ingawa huyu mtu alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, "muulize kama alisema hayo maneno akiwa na akili zake."

"Ninazo, Mama," Elkanah aliujibu ukuta.

"Lete huo utepe." Kulikuwa na minong'ono, Milcah akieleza habari ya yale mahodhi mawili ya dukani, kisha mkwaruzo wa kiti, pumzi ya mtu anayejilazimisha. Baada ya muda sauti ilisikika karibu zaidi, juu kidogo ya bega lake. "Futi tatu na inchi moja. Nunua lile fupi, mwanangu. Sina mpango wa kukaa humo siku nyingi."

Elkanah akasahau yote aliyofundishwa, akageuka ili aseme asante.

Mama Roda alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, mwingine begani kwa binti yake, bado anacheka. Alikuwa na mwanya mbele, na kishimo kwenye shavu la kushoto. Kwa miaka kumi na moja Elkanah alikuwa ameupenda uso huo kwa mkewe, na hakujua ulitoka wapi.