Bibi Halipwi

Nasari ilinirudishia mjukuu wangu Shaame na nepi ileile ya asubuhi, nzito kama pakacha la samaki. Nilimvua ukumbini nimeziba pua, nikamwambia mwanangu Zainab, "Pale harudi."

"Mama, nikikosa pa kumwacha, kazi yangu ya uwanja wa ndege wa Heathrow imekwenda."

"Nitakaa naye miye."

"Uache kufagia maofisi? Kodi ya nyumba tutalipa kwa dua?"

Tukapiga simu serikalini. Bibie mmoja, sauti tamu kama kashata, akaeleza: serikali humsaidia mzazi kumlipa mlezi aliyesajiliwa, lakini si bibi kwa mjukuu wake.

"Kwa hivyo mgeni akimtawaza na kumbadilisha nepi analipwa, miye nikimtawaza ni sadaka?" nikamuuliza. Zainab akaninyang'anya simu.

Fleti ya ubavuni anakaa Hansa, Muhindi wa Chake Chake, tumezeeka pamoja hapa Hayes, London. Naye ana mjukuu, Vijay, na binti anayelia shida ileile ya Zainab. Nikamgongea.

"Nipe wako, nikupe wangu. Serikali itulipe sote."

"Una wazimu wewe Kulthum," akasema, huku anatafuta miwani.

Tukasomea huduma ya kwanza, tukamfufua mwanasesere wa mpira asiye na miguu. Wakaja wakaguzi, wakachungulia mpaka chini ya vitanda. Tukapita, tukasajiliwa.

"Vijay asisikie hata harufu ya nyama," Hansa akaniusia.

"Na Shaame usimtilie mvuje. Sisi tunafukuzia mashetani, nyinyi mnatia kwenye dengu!"

Jumatatu Zainab akaenda kazini anacheka. Haikupita saa, Vijay akanitapikia kangani, anamlilia bibi yake. Nyuma ya ukuta nikamsikia Shaame, "Bibi! Bibi!" Nikampakata Vijay, nikatoka. Hansa keshasimama varandani na Shaame mkononi, uji mpaka kwenye nyusi. Watoto wakaturukia, kila mmoja kwa wake, wakanyamaza kimya.

"Tuwaache hivihivi?" Hansa akanong'ona. "Nani atajua?"

"Wakaguzi wakijua, Zainab hana kazi, na binti yako hana kazi."

Nikamnusa Shaame shingoni, nikambandua kidole kimoja kimoja, nikampa Hansa. Nikaingia ndani na Vijay wangu wa serikali, nikafunga mlango, Shaame analia nasikia. Uchafu gani huu! Nilitaka kutema mate. Lakini mlezi aliyesajiliwa hatemi mate mbele ya mtoto.

Nikameza.