Ngozi Ndani ya Silinda

Hebu nikutegee wewe unayesoma: nina mkono usio na mfupa, ukinywa mafuta unanyooka, ukiyatoa unajikunja. Ni nini? Umeshindwa? Basi nipe mji. Nairobi sitaki, kuna kelele. Nipe Chepseon. Haya, nimeshaila Chepseon, sasa nakujibu: ni silinda ya haidroliki, ule mkono unaoinua ndoo ya eskaveta, ile mashine ya kuchimba.

Mjukuu wangu Chepchumba anazitengeneza, lakini ndogo, nene kama kidole changu cha mwisho. Anakata mrija wa shaba, anakereza pistoni kwa mashine yake, halafu anazifunga kwa eskaveta inayoenea ndani ya karai. Anafanyia kazi kwa stoo ya baba yake, mwanangu Kiptanui. Na Kiptanui alikuwa ameshasema stoo hiyo anataka kulazia ng'ombe anayekaribia kuzaa.

Mwalimu Omariba, anayefundisha madereva wa mashine kubwa kule Sotik, akapiga simu kwamba Jumatano saa kumi atakuja kuona. Akiridhika ataagiza sita, wanafunzi wake wajifunzie bila kuangusha ukuta wa mtu.

"Baba," Chepchumba akauliza, "ikiinua mbele ya mwalimu, utaniachia stoo?"

Kiptanui alichukua ndoo ya maziwa akaenda zake.

Jumanne nilimsaidia mtoto kuunganisha. Kila pistoni ina kijipete cha mpira, alichotoa kwa breki za gari, cha kuzuia mafuta yasivuje. Niliona vimekauka sana. Nikavipaka ile jeli ya kukamulia, tena ya kutosha, kama chuchu za ng'ombe. Nikajisifu. Kumbe! Asubuhi vilikuwa vimefura kama mandazi, na pistoni haziendi mbele wala nyuma.

"Kogo," akaniita, maana kwetu bibi ni kogo, "umepaka nini hapa?"

"Ile ya ng'ombe."

"Wee Kogo! Mpira wa breki unapatana na mafuta ya breki peke yake. Hii si Friesian!"

"Lakini nayo imekataa kushusha maziwa," nikamwambia.

Tulicheka, tukacheka, mpaka nikaona yeye sasa analia. Mpira mwingine hakuna, na mwalimu yuko njiani leo leo.

Nikaangalia kibuyu changu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ukutani. Mkanda wake ni wa ngozi, niliushona mwenyewe nikiwa bibi harusi.

"Zamani pampu ya baiskeli ilikuwa na nini ndani?" nikamuuliza.

Akapangusa macho. "Ngozi! Kogo, ngozi!"

Nikakata ule mkanda. Tukaloweka vipande, tukavikandamiza juu ya bolti vikae kama vikofia, tukavikausha kando ya jiko, kisha tukavinywesha mafuta ya kondoo. Chepchumba akamwaga mafuta ya breki yote, akasafisha mirija, akatia mafuta ya mashine. Saa tisa na nusu alikuwa anakaza skrubu ya mwisho.

Omariba alifika na viatu vya kung'aa. Kiptanui akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Dada, hiyo itainua hata kijiko cha ugali kweli?"

"Weka simu yako, mwalimu."

"Ikianguka?"

"Utatafuta nyingine. Weka."

Akaiweka ndani ya ndoo, anaomba kwa Kikisii. Chepchumba akavuta kishikio. Mkono ukanyooka, polepole, ukapanda na simu mpaka usawa wa tumbo la mwalimu, na chini hakukudondoka tone. Nilipiga ukemi mpaka kuku wakakimbia.

"Sita!" Omariba akasema, akinyakua simu yake. "Hapana, nane!"

Chepchumba alimwangalia baba yake. Kiptanui akaingia ndani, akachuchumaa na magoti yake mabaya.

"Hebu na mimi," akasema.

Akavuta kishikio. Akachota mchanga, akamwaga. Akachota tena. Mwalimu aliaga, akaenda, na Kiptanui bado anachota, ulimi nje kama mtoto wa nasari.

"Huyo ng'ombe," akasema, macho yakiwa kwa ndoo tu, "nitamjengea kando ya choo. Stoo ni yako."