Saa Aliyozaliwa Yazhini

Yazhini alikuwa akitafuta cheti chake cha shule kabatini pale kadi ya kliniki ilipodondoka kutoka kwenye bahasha ya marehemu mama yake. Nesi aliandika: msichana, kilo mbili na nusu, saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi.

Akaisoma tena. Karatasi ya nyota aliyoipeleka baba yake kwa kila familia ya mchumba ilisema saa tisa usiku. Kwa saa hiyo, wanajimu wote wa mji wao wa Erode walikubaliana: sayari ya Mirihi imekaa vibaya, mume wake hatadumu. Familia nne zilikwisha kuirudisha. Ijumaa ingekwenda kwa mama yake Kathir, na Kathir huyo alichaguliwa na Yazhini mwenyewe.

Kwa siku mbili alimchunguza tu baba yake. Thangavel, fundi mstaafu wa mitambo ya kufuma, alikuwa ameandika ubavuni mwa jokofu tarehe na saa lilipoletwa. Mtu kama huyo hukoseaje saa aliyozaliwa mwanawe wa pekee?

Asubuhi ya tatu alimkuta jikoni akimimina uji wa dosa, chapati nyembamba za mchele, kwenye kikaango.

"Baba, nilipozaliwa ulikuwa wapi?"

"Nje ya wodi. Wapi tena?"

"Kulikuwa na giza?"

"Giza lipi? Muuza maziwa alikuwa keshapita, hata nikam..." Mwiko ukasimama hewani.

Yazhini akaiweka kadi kando ya bakuli la chatini. Thangavel akaigeuza dosa kabla haijaiva, ikachanika.

"Shangazi yako alileta yule mchumba wa Salem," alisema hatimaye. "Mtihani wako wa ufamasia ulibakiza miezi sita. Na shangazi yako unamjua. Ukimkatalia, atakufuata hadi bafuni. Lakini zikikataa nyota, atagombana na nani?"

"Kwa hiyo ukanipa Mirihi."

"Nilikupa miezi sita, mama."

Yazhini nusura acheke. "Mtihani nilifaulu miaka minne iliyopita. Familia tatu zimekuja baada ya hapo."

Thangavel akazima jiko. Akakwangua ukingo wa kikaango uliokuwa safi.

"Ile ya kwanza ilikuwa kwa ajili yako," alisema. "Hizo nyingine... Nyumba hii ina vyumba vitatu, Yazhini, nami ni mmoja."

Thangavel akafuta mikono, akaitoa karatasi ya nyota kwenye droo, akavaa ndara zake, kisha akanyoosha mkono kuchukua kadi.

"Mnajimu hufungua saa tatu. Ataiandika upya."

Yazhini akamtangulia kuichukua, akaitia kwenye mkoba wake.

"Tutakwenda wote."

"Huniamini?"

"Kwa leo, hapana." Akaipakua ile dosa iliyochanika, akamsogezea sahani. "Kula kwanza, Baba. Saa tatu bado."