Kisanduku cha Saba

Charline alijivunia kisanduku cha saba kuliko vyote. Biro ya vibali ilipomwomba atengeneze fomu ya mtandaoni ya kuombea silaha, ilimpa maswali ya kawaida tu: jina, kazi, kadi ya elekteri, ile ya kupigia kura, sababu. Ni yeye, fundi wa simu na kompyuta wa mtaa wa Keshero, aliyeng'ang'ana: mutu akitaka bunduki, bibi yake aulizwe kwanza. Basi kisanduku cha saba kikaomba jina la mke na namba yake ya simu. Mke anatumiwa ujumbe. Akijibu NDIYO, ombi linakwenda mbele. Akijibu HAPANA, linakufa palepale.

Alikuwa amesoma zile sheria za silaha mpaka macho yakamuuma, maana hakutaka kuandika asichokielewa. Kibali cha kuweka silaha kinakuacha nayo nyumbani, ndani ya kufuli. Kibali cha kubeba, weee, hicho ni kingine! Inakaa kiunoni, inakwenda nawe sokoni, kwenye baa, mpaka kitandani ukipenda. Wateja wengi waliokuja kuijaza fomu dukani kwake walivichanganya hivyo viwili.

Aubin hakuchanganya kitu. Aliingia dukani asubuhi ya Alhamisi, mfanyabiashara wa maharage, mutu wa Butembo, viatu vinang'aa na maneno matamu.

"Nataka ya kubeba," alisema. "Niko napeleka mizigo Masisi. Wezi hawanitafuti nyumbani, dada yangu, wananitafuta kwa njia."

Bastola yenyewe ilikuwa imeshafungiwa biro, ikingoja karatasi. Kwenye kisanduku cha saba akaandika Kaswera Philomène, na namba akaitoa kichwani bila kusita. Charline akabonyeza. Hata dakika haikuisha, NDIYO ikaingia.

"Bibi yako ako mbio!" Charline akamtania.

Aubin akacheka, mkono mmoja mfukoni. Charline akamchapia risiti: saa nane arudi biro kuchukua kibali na bastola yake.

Saa saba kasoro, Mama Ushindi akaingia; tangu asubuhi hakuwa ameonekana. Huyu alikuwa anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mbele ya duka, miaka sita sasa, ingawa alikaa mbali, Majengo kule, na bwana yake hakuonekana huku hata siku moja. Jumatatu alikuwa ameacha simu yake itengenezwe kioo. Ilianguka, alisema. Charline hakumchokonoa, ijapokuwa simu ikianguka haivunjiki mbele na nyuma.

"Andika jina lote hapa, mama, kama vile liko kwa kadi," Charline akamwambia, akimsogezea daftari la wateja.

Mama Ushindi akaandika polepole, akageuza daftari. Kaswera Philomène.

Charline akalisoma mara mbili. Haki ya Mungu, miaka sita! Wamekula pamoja, wamelia pamoja msibani, wamekimbia pamoja volkano ilipopasuka, na hakuwahi kumuuliza jina. Lakini nani huuliza? Mwanamke akishazaa, jina lake linalala chini ya jina la mtoto, na wote tunaliacha lilale.

"Bwana yako anaitwa nani?"

"Aubin. Juu ya nini unauliza?"

Simu ya Mama Ushindi ilikuwa ndani ya droo ya Charline tangu Jumatatu, imezimwa. Nani basi aliyejibu NDIYO? Akaukumbuka ule mkono wa Aubin mfukoni: namba aliyoitoa ilikuwa ya simu yake nyingine. Akaona aibu. Akamweleza yote. Mama Ushindi akakaa kwenye kigoda kabla hajaambiwa akae.

"Aliniambia," akasema. "Alisema ile siku karatasi itatoka, sitamukimbia tena."

Charline akaifungua fomu, atafute pa kulifuta lile ombi. Hapakuwapo. Ombi likishatumwa, ni namba ya kisanduku cha saba peke yake inayoweza kulizuia, na namba hiyo ilikuwa mfukoni mwa Aubin. Nani aliyeweka sheria hiyo? Si ni yeye mwenyewe, kwa ujanja wake! Saa ilikuwa imefika saba na nusu. Akafunga duka, wakapanda moto, pikipiki moja wote wawili, na njia nzima Charline akawa anamsihi dereva aongeze mwendo.

Biro walimkuta Aubin amewatangulia. Bastola ilikuwa juu ya meza ndani ya kitambaa, na muzee Habiyaremye, sekretari, alikuwa ameshika kalamu.

"Papa, usisaini, usitie sinyatiri!" Charline akapaza sauti, pumzi zinamkata. "Bibi yake ni huyu. Hakujibu ule ujumbe."

Aubin hakushtuka hata kidogo. "Mama Ushindi, unafanya nini huku? Muzee, usiwasikilize. Asubuhi amekubali, sasa amebadilika. Si unajua wanawake."

Habiyaremye akainama juu ya karatasi. "Hapa nasoma Kaswera Philomène. Mama, wewe ni nani?"

Charline alitaka kumjibia. Akauma ulimi. Asubuhi watu wawili walikuwa wamemjibia mwanamke huyu, na mmoja alikuwa yeye, kwa kuipokea ile NDIYO.

Mama Ushindi aliitazama bastola. Kisha akafungua fundo la kitenge, akatoa kadi yake ya elekteri, akaiweka mezani.

"Ni mimi Kaswera Philomène," akasema. "Sikukubali. Telefone yangu ilikuwa imevunjika tangu Jumatatu. Ni yeye aliivunja."

Muzee akasoma kadi, akamsoma uso. Akafunika kalamu. Akaivuta bastola upande wake, akaitia kwenye droo na kuzungusha ufunguo.

"Ombi limekufa," akasema.

Aubin akamwinamia mkewe, tabasamu lilelile usoni, sauti ya chini. "Sawa. Tutaonana kwetu."

"Kwetu wapi, Papa Ushindi?" Mama Ushindi akairudisha kadi kwenye fundo la kitenge. "Wewe asubuhi ulitoka kuomba bunduki. Na sisi tulitoka, mimi na mutoto, na vitu vyetu vyote; haturudi tena. Kwa Charline nilikuja kuchukua telefone tu."